Nani Anaamua Raia Aanzie Wapi?

Ndugu msomaji, mmezoea kunikuta hapa nikizungumzia katiba, bajeti na chaguzi. Leo naomba mnivumilie nizungumzie jambo dogo kuliko yote niliyopata kuyaandika: kile kimstari chembamba kinachopepesa ndani ya kisanduku cha fomu ya mtandaoni, kikimsubiri mtu aanze kuandika. Atakayenivumilia hadi mwisho ataona kwamba siasa sijaiacha hata kidogo.

Kimstari hicho ni dalili ya kitu ambacho watengeneza programu hukiita fokasi. Kompyuta ina kibodi moja, ilhali ukurasa mmoja waweza kuwa na visanduku ishirini, vitufe kumi na viungo hamsini. Ni lazima basi ijulikane, kila wakati, kwamba herufi inayobonyezwa inakwenda wapi. Mahali hapo, ambapo ni pamoja tu kwa wakati mmoja, ndipo penye fokasi. Ukibonyeza Tab, fokasi inahamia kwenye kisanduku, kitufe au kiungo kinachofuata. Ukibonyeza Enter, kinachotekelezwa ni kile chenye fokasi. Mtu anayeona, mwenye kipanya mkononi, hana haja ya kulifikiria jambo hili kwa kuwa hubofya popote apendapo. Lakini kwa asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini kama NVDA au JAWS, fokasi kwa sehemu kubwa ndiyo miguu yake. Ilipo fokasi, ndipo alipo yeye.

Aliyeandika msimbo wa ukurasa anaweza kuihamisha miguu hiyo kwa neno moja. Mimi niliwahi kuwa mtu huyo, na mamlaka hayo nikayatumia vibaya. Naandika haya kwa sababu ninafundisha vijana kuhusu mamlaka na uwajibikaji, na ingekuwa aibu niyafundishe ya wengine nikayafiche yangu.

Kila mwaka katika idara yetu wanafunzi wa mwaka wa tatu huchagua mada ya utafiti na msimamizi. Kwa miaka mingi tulifanya hivyo kwa karatasi zilizobandikwa ukutani. Mwenye mbavu nene aliandika jina lake kwanza. Mpole alikuta nafasi zimejaa. Niliona kwamba utaratibu ule haukuwa wa haki, nikaazimia kuubadilisha. Sikuwa na fedha za kumlipa mtaalamu, hivyo nikajifunza JavaScript usiku baada ya usiku, nikasimamia ujenzi wa mfumo mdogo kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitumia kiunzi kiitwacho Vue, kilichobuniwa na Evan You na kutolewa kwa umma mwaka 2014.

Uzuri wa viunzi vya aina hii ni kwamba huuambii ukurasa ufanye nini hatua kwa hatua. Unaeleza tu hali ya mambo: mwanafunzi huyu ameingia, mada hizi zimebaki, kosa hili limetokea. Hali ikibadilika, kiunzi chenyewe kinarekebisha sehemu husika ya ukurasa. Fokasi, hata hivyo, haikubaliani kwa urahisi na mtindo huo. Fokasi ni amri: wewe, kisanduku fulani, simama hapa sasa hivi. Ili kuitoa amri hiyo katika Vue, unakipa kisanduku alama iitwayo ref, kisha unakitafuta kwa alama hiyo na kukiita kwa neno focus().

Mara ya kwanza nilipojaribu, haikufanya kazi. Nilikuwa na kitufe cha "Ongeza mada" kwa ajili ya wahadhiri wenzangu. Ukikibonyeza, kisanduku kipya kinatokea. Nilitaka kimstari kitokee humo mara moja, ili mhadhiri asilazimike kubofya tena. Kisanduku kilitokea, kimstari hakikutokea, na kivinjari kikanilalamikia kwamba kitu ninachokiita hakipo. Nilihangaika siku mbili kabla ya kuelewa. Vue haibadilishi ukurasa papo hapo. Hukusanya mabadiliko yote, kisha huyatekeleza kwa pamoja kitambo kidogo baadaye. Nilikuwa namkalisha mgeni kwenye kiti ambacho bado hakijaletwa sebuleni. Dawa yake ni kusubiri, na Vue imeweka neno la kusubiria: nextTick. Kwanza subiri ukurasa ukamilishe mabadiliko, kisha ita fokasi.

Nilifurahi kama mtoto. Nikasoma zaidi, nikakuta kwamba nyaraka za Vue zenyewe hutumia jambo hili kama mfano wa kutengeneza amri yako binafsi, wanayoiita v-focus: mistari michache tu, na kila kisanduku utakachokibandika amri hiyo kitajitwalia fokasi kinapotokea. Kuanzia siku hiyo nikaibandika kila mahali. Ukurasa wa kuingia, fokasi kwenye namba ya usajili. Ukurasa wa kuchagua mada, fokasi moja kwa moja kwenye orodha ya mada. Niliona ninawarahisishia watu kazi. Na kwa kuwa ule mduara wa buluu unaokizunguka kisanduku chenye fokasi uliniudhi machoni, nikaufuta kwa agizo moja la mtindo, outline: none. Wenzangu wakasifu kwamba ukurasa umekuwa safi.

Mfumo ukatumika. Karatasi za ukutani zikaisha, na ugomvi wa kugombania nafasi ukapungua. Wiki mbili baadaye nikapokea barua pepe ya mwanafunzi mmoja akisema kwamba mfumo umempangia mada asiyoitaka. Alitaka kuandika juu ya vyama vya ushirika vya wavuvi, kwa kuwa amekulia kando ya ziwa na wazazi wake ni wavuvi. Badala yake amepewa mada ya athari za kodi ya kichwa enzi za ukoloni. Nikatazama kumbukumbu za mfumo. Zilionyesha kwamba aliichagua mwenyewe na kuithibitisha. Nikamjibu kwa sentensi ambayo hadi leo inanisuta: "Maelezo kwamba chaguo halibadilishwi yameandikwa wazi juu ya fomu."

Zingatia, msomaji, nafasi niliyokuwa nayo. Niliandika kanuni ya kwamba chaguo likishathibitishwa halibadilishwi. Niliandika msimbo unaoitekeleza kanuni hiyo. Na nilikuwa mjumbe wa kamati inayosikiliza malalamiko. Bunge, serikali na mahakama, vyote katika kiti kimoja cha ofisi.

Siku iliyofuata akaja ofisini. Ndipo nilipotambua, kwa kumwona na fimbo yake nyeupe, kwamba haoni. Katika darasa la watu mia mbili sikuwa nimemjua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Kuna kiti mkono wako wa kulia."

Aliketi, akafungua kompyuta yake. "Mwalimu, barua yako nimeisoma. Umesema maelezo yapo juu ya fomu. Naomba tusikilize pamoja, na kama hutajali, ufumbe macho."

Nilimfungulia nakala ya majaribio ya mfumo, nikafumba macho. Sauti ya NVDA ikasema: "Chagua mada. Athari za kodi ya kichwa." Kisha ikanyamaza.

"Hicho ndicho cha kwanza nilichokisikia," akasema. "Maelezo yenyewe yako wapi?"

"Yako juu yake."

"Juu ya nini, Mwalimu? Mimi nimeanzia hapa."

Akabonyeza Tab. Sauti ikasema: "Endelea, kitufe." Akanieleza kwamba alidhani kitufe hicho kitampeleka kwenye ukurasa wa kuzieleza mada, ili azijue kabla ya kuchagua. Akabonyeza Enter. Kimya. "Siku ile nilifikiri mtandao umekwama," akasema, akabonyeza tena. Ukurasa mpya ukafunguka na sauti ikatangaza kwamba chaguo limepokelewa.

Nikafumbua macho. Niliielewa hitilafu kabla hajamaliza kueleza. Ukurasa ulipofunguka, amri yangu ya v-focus ilimnyanyua na kumweka kwenye orodha, ikamrusha kichwa cha habari na aya nzima ya masharti. Programu ya kusoma skrini, ikikuta fokasi ndani ya kisanduku, huanza kusoma kisanduku hicho. Angeweza kurudi juu kutafuta, lakini ni nani arudiye kutafuta asichojua kuwa kipo? Orodha ilikuwa imejichagulia mada ya kwanza kwa mpangilio wa alfabeti. Alipobonyeza "Endelea," onyo jekundu lilitokea juu ya kitufe likisema: bonyeza tena kuthibitisha, hutaweza kubadilisha. Mimi niliyekuwa naona nililiona. Fokasi ilibaki palepale kwenye kitufe, na mfumo haukumwambia neno lolote. Aliposhinikiza mara ya pili kwa kudhani mtandao umegoma, nilikuwa nimeshaandika kwamba kubonyeza mara ya pili ni kukubali.

Kwa hiyo nilimkosea mara mbili, tena kwa njia zinazopingana. Nilimhamisha ambapo hakuomba kuhamishwa, na sikumhamisha ambapo alihitaji kupelekwa. Kumbukumbu za mfumo zikaandika kwamba ameridhia.

Alinifafanulia kwa upole ambao sikuustahili: "Mwalimu, ni kama umenipokea mlangoni, ukanishika mkono, ukanikalisha chumba cha ndani. Nashukuru kwa kunikalisha. Lakini sebuleni kulikuwa na watu wanazungumza mambo yanayonihusu, na mimi sikujua hata kama nimepita sebuleni."

Ningependa kukuambia kwamba niliyarekebisha yote. Sikuweza. Mada ya ushirika wa wavuvi ilikuwa imechukuliwa, msimamizi wake amejaza nafasi, na mwanafunzi aliyeipata hakuwa na kosa la kunyang'anywa. Tulikaa, tukatafuta mada nyingine iliyokaribiana na aliyoitaka. Aliandika, akafaulu. Kufaulu kwake hakuniondolei lawama. Kulionyesha uwezo wake, si ubora wa mfumo wangu.

Nilichoweza kurekebisha ni msimbo, na katika kuurekebisha nikajifunza kanuni ambayo naiona ina upana kuliko kompyuta. Fokasi isihamishwe ila kwa kuitikia jambo alilolifanya mtu mwenyewe. Mhadhiri akibonyeza "Ongeza mada," ameomba kisanduku kipya. Ni haki kumpeleka humo. Mtu akituma fomu yenye makosa, ni wajibu kumpeleka kwenye orodha ya makosa, ayasikie; katika HTML, kichwa cha orodha hiyo hupewa tabindex="-1" ili kiweze kupokea fokasi bila kuingia kwenye msururu wa Tab. Dirisha dogo la onyo likifunguka, fokasi iingie ndani yake, na likifungwa irudi kwenye kitufe kilekile kilichoamsha dirisha hilo, maana aliyemtoa mtu mahali ana deni la kumrudisha. Katika mifumo ambayo kurasa hubadilika bila kivinjari kupakia upya, kama mingi inayojengwa kwa Vue au React, mtu akibofya kiungo ni vema fokasi ipelekwe kwenye kichwa cha ukurasa mpya. La sivyo asiyeona hatajua kwamba kuna kilichobadilika. Lakini ukurasa wa fomu unapofunguka kwa mara ya kwanza, na kuna maelezo juu yake, mwache mtu aingie kwa mlango wake. Ukurasa wenye kisanduku kimoja tu cha kutafutia, kama ule wa Google, hauna cha kurukwa. Fomu yenye masharti inacho.

Ule mduara wa buluu nikaurudisha, tena nikaunenepesha. Si wasioona pekee wanaoishi kwa kibodi. Yupo ambaye mikono inamtetemeka, kipanya hakimtii. Yupo karani anayeingiza fomu mia moja kwa siku, ambaye Tab ikiruka mahali pasipo na mpangilio anapoteza saa na macho. Yupo mwananchi kwenye banda la intaneti ambako kipanya kimekufa tangu mwaka jana. Wote hawa wanaona, na kwao mduara ule ndio ramani. Mimi niliufuta kwa sababu haukunipendeza.

Sasa tutoke ofisini kwangu. Huduma nyingi za umma zimehamia mtandaoni: maombi ya kazi, mikopo ya elimu, leseni, kodi, vyeti. Nimekaa na marafiki wasioona wakijaribu kujaza fomu za aina hiyo, nami sitaitaja ofisi yoyote kwa kuwa kosa lao ni lilelile nililolifanya mimi. Nilichokiona ni kitufe kisichofikiwa kwa Tab, dirisha lisilotangazwa, na tarehe inayochagulika kwa kipanya tu. Mwisho wa yote mwananchi humwomba jirani amjazie. Humpa jirani namba zake za siri, kipato chake, hali yake ya ndoa. Dola ilimwahidi huduma na ikamwondolea faragha. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulio hai tunasifia marumaru.

Hili si suala la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 9, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wanazifikia teknolojia na mifumo ya habari na mawasiliano sawa na wengine, na intaneti imetajwa kwa jina. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Upande wa ufundi nao haukosi mwongozo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilitoa toleo la 2.0 la mwongozo wake wa ufikivu, unaofahamika kwa kifupi kama WCAG, mwaka 2008, na toleo la 2.2 Oktoba 2023. Yanayohusu fokasi yanaeleweka na asiye mtaalamu: kila kinachofanyika kwa kipanya kifanyike kwa kibodi, mpangilio wa fokasi uwe na mantiki, fokasi ionekane, mtu asinaswe mahali asipoweza kutoka, na kuingia tu kwenye kisanduku kusibadilishe mambo ghafla.

Sheria tunayo, na viwango vipo. Kinachopungua ni swali la kuuliza siku mfumo unapokabidhiwa. Nimehudhuria makabidhiano ya mifumo kadhaa. Mkandarasi huonyesha kwenye ukuta kwa projekta, kipanya mkononi, na wakubwa hupiga makofi. Sijaona hata mara moja mtu akisema: weka kipanya pembeni, tuone.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila kundi linalonisoma. Mtumishi wa umma, kabla ya kutia saini ya kupokea mfumo, tenga dakika tano. Ondoa kipanya. Jaza fomu kuanzia mwanzo hadi kuituma kwa Tab na Enter pekee. Ukipotea, andika ulipopotelea, na usitie saini. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba tangu zabuni, pamoja na jaribio la mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, tena alipwe kwa kazi hiyo kama mtaalamu mwingine yeyote. Mwanaharakati, tunapodai uwazi wa mikataba ya mifumo ya serikali, tudai na taarifa ya jaribio hili. Nawe mwanafunzi wa kompyuta, NVDA ni ya bure. Ipakue leo, zima skrini, ufungue kazi yako mwenyewe. Utajifunza kwa saa moja kuliko mihula miwili.

Wapo watakaosema wasioona ni wachache, na mistari mitatu ya msimbo si mapinduzi. Nakubali kuhusu mistari. Lakini nimefundisha nadharia za dola kwa miaka mingi, na sijapata mfano ulio wazi kuliko huu. Anayeamua mwananchi aanzie wapi ndiye anayeamua mwananchi asikie nini na asisikie nini kabla ya kuambiwa kwamba ameridhia. Mwenye uwezo huo mara nyingi hana nia mbaya. Mimi nilikuwa na nia njema kabisa, nilitaka kumrahisishia. Sikumuuliza tu.

Mfumo wetu wa idara bado unatumika. Fomu ikifunguka sasa, kimstari hakipepesi popote. Sauti ya kwanza inayosikika ni kichwa cha habari, kisha masharti, kisha mada, ambazo hakuna hata moja iliyojichagua. Mwenzangu mmoja alinilalamikia juzi kwamba siku hizi inambidi abofye mara moja zaidi kabla ya kuandika. Nikamwambia ni kweli, na kwamba nimeiacha hivyo kwa makusudi.